Soichiro Honda: Mwana wa mhunzi aliyeitengenezea pikipiki kinga ya mvua na tope

Msimu wa mvua unaporejea Bujumbura, kazi ya dereva wa pikipiki hubadilika. Njia zisizo na lami za Kinama, Kamenge, Musaga na Kanyosha hugeuka tope, na anayepanda barabara kuu nambari 1 kuelekea Bugarama hutoka katika joto la ziwani na kuingia katika ukungu na baridi ya milimani. Mnyororo hulia, breki hulegea na miguu ya dereva hulowa hadi magotini.

Miongoni mwa watu walioitafakari kwa kina shida hiyo ya mpanda pikipiki katika hali mbaya ya hewa ni Mjapani Soichiro Honda, aliyefariki dunia tarehe 5 Agosti 1991. Jina lake limeandikwa kwenye mamilioni ya pikipiki duniani, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba alianza kama fundi wa gereji, kwamba alifilisiwa na vita na tetemeko la ardhi, na kwamba pikipiki yake ya kwanza ilizaliwa kwa sababu nchi yake haikuwa na petroli.

Mtoto wa mhunzi

Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli, na mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Mtoto huyo hakupenda sana masomo ya darasani. Alipenda nyundo, moto na harufu ya oili.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Vijana wengi wa Buyenzi walioanza ufundi kwa kufagia gereji na kumsaidia fundi mkuu wataitambua hatua hiyo. Mwanzoni hakuruhusiwa hata kugusa magari, kwani kazi yake ilikuwa kumlea mtoto wa mwenye gereji. Tetemeko kubwa la Septemba 1923 lilipoiteketeza Tokyo, gereji hiyo nayo iliungua na wanafunzi wengi wakarejea makwao. Honda alibaki, akajifunza ufundi kwa kufufua magari yaliyoungua.

Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo. Alipenda pia mbio za magari, hadi mwaka 1936 alipopata ajali mbaya katika mashindano ya Tamagawa, karibu na Tokyo. Yeye na mdogo wake waliumia, na tangu hapo akageukia utengenezaji wa vipuri.

Aliunda kampuni ya ringi za pistoni, lakini ringi zake za kwanza zilivunjika. Alipotambua kwamba hakuijua vyema elimu ya vyuma, alijiunga na chuo cha ufundi akiwa tayari ni mtu mzima mwenye biashara, akisikiliza masomo aliyoyahitaji na kuipuuza mitihani. Hakupata cheti, ila alipata ringi zisizovunjika.

Vita, tetemeko na uhaba wa petroli

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimnyang'anya karibu kila kitu. Mwaka 1944 kiwanda chake kimoja kilipigwa mabomu, na Januari 1945 tetemeko la ardhi likabomoa kingine. Alikiuza kilichosalia kwa kampuni ya Toyota, akakaa takriban mwaka mmoja bila kazi maalumu.

Japani ya mwaka 1946 ilikuwa nchi ya magofu na njaa. Petroli iligawiwa kwa kipimo, treni zilijaa kupita kiasi, na watu walisafiri kwa baiskeli masafa marefu kutafuta chakula vijijini. Mke wa Honda, Sachi, alikuwa mmoja wao. Katika hali hiyo mumewe aliona injini ndogo iliyotumiwa na jeshi kuzalisha umeme wa redio za mawasiliano. Vita vimekwisha, na injini hizo hazikuwa tena na kazi. Alichukua moja akaifunga kwenye baiskeli.

Tangi la mafuta la majaribio lilikuwa chombo ambacho familia za Kijapani hukijaza maji ya moto na kukiweka kitandani wakati wa baridi kali. Kwa kuwa petroli ilikuwa adimu, waliichanganya na mafuta yaliyotokana na utomvu wa misonobari. Moshi wake ulinuka, na injini ilihitaji subira kabla ya kuwaka, lakini baiskeli ilikwenda. Sachi alipewa kuiendesha barabarani mbele ya watu. Aliporudi, nguo yake nzuri ilikuwa na madoa ya mafuta yaliyorushwa na injini, naye alimweleza mumewe wazi kwamba chombo hicho hakimfai mteja. Honda alirekebisha kasoro hiyo.

Msomaji wa Bujumbura, ambako katika miaka ya karibuni foleni za petroli zimelala usiku na kuamka asubuhi mbele ya vituo, hahitaji kuelezwa sana jinsi mashine inayokunywa mafuta kidogo inavyoweza kuwa tofauti kati ya kula na kulala njaa. Injini takriban 500 za jeshi ziliisha haraka, na Honda akaanza kutengeneza za kwake. Tarehe 24 Septemba 1948 kampuni yake iliandikishwa rasmi. Mwaka uliofuata alijiunga naye Takeo Fujisawa, aliyesimamia fedha na mauzo huku Honda akibaki karakana.

Kosa la mwaka 1954

Mafanikio hayakuja kwa njia iliyonyooka. Mwaka 1954 kampuni ilitoa skuta iliyoitwa Juno. Kusudi lake lilikuwa jema: kumkinga mpandaji na upepo, mvua na uchafu. Ilikuwa na kioo kikubwa mbele kilichoweza kuinamishwa juu ya kichwa cha dereva mithili ya paa, na mwili wake ulifunika injini yote.

Matokeo yalikuwa mabaya. Skuta ilikuwa nzito kuliko nguvu ya injini yake, na injini iliyofungiwa ndani ilikosa hewa ya kuipoza, ikapata joto kupita kiasi. Zilizouzwa hazikufika 6,000. Hasara hiyo, pamoja na malalamiko kuhusu pikipiki nyingine za kampuni, nusura iiangushe.

Mwaka huohuo Honda alisafiri kwenda kuona mashindano ya pikipiki ya Isle of Man. Alishangaa kuona jinsi pikipiki za Ulaya zilivyozishinda zake kwa nguvu. Alirudi na mizigo iliyojaa minyororo, matairi, kabureta na vipuri vingine vya kuchunguza. Mwaka 1961 pikipiki zake zilishinda hapohapo katika madaraja mawili.

Pikipiki ya mpeleka chakula

Agosti 1958 ilitoka pikipiki iliyobeba mafunzo yote hayo: Super Cub C100. Honda alimfikiria kijana wa Tokyo anayepeleka tambi kwa wateja, mkono mmoja ukishika usukani na mwingine sinia. Kwa hiyo aliondoa mkono wa klachi. Klachi ilijiendesha yenyewe kwa mzunguko wa injini, na gia zikabadilishwa kwa mguu.

Injini yake ya sentimita za ujazo 49 ilikuwa ya mipigo minne. Wakati huo injini nyingi ndogo zilikuwa za mipigo miwili, zilizohitaji oili kuchanganywa na petroli, zikitoa moshi mwingi na kutumia mafuta zaidi. Magurudumu ya inchi 17 yalichaguliwa kwa sababu barabara nyingi za Japani hazikuwa na lami, na gurudumu dogo la skuta hutumbukia katika kila shimo.

Jibu la suala la mvua lililoishinda Juno lilikuwa sasa jepesi. Mbele ya miguu iliwekwa kinga ya plastiki iliyozuia maji, tope na upepo wa baridi, lakini ikaiacha injini wazi kwa hewa. Mnyororo wote ulifungiwa ndani ya kasha la bati. Kinga ilibaki pale tu ilipohitajika.

Kwa nini mnyororo ufunikwe?

Mafundi wanajua sababu. Maji ya mvua huosha grisi, kisha mchanga uliomo katika tope hushika mahali pake na kuwa kama msasa kati ya mnyororo na meno ya gia. Kila kilomita husaga chuma. Mnyororo hurefuka, huruka meno, na unaweza kukatika mlimani huku abiria akiwa nyuma.

Kwa hiyo pikipiki yenye kasha la mnyororo isivuliwe kasha hilo na kuachwa wazi baada ya matengenezo, ingawa kulirudisha huchukua muda. Isiyo nalo huhitaji kusafishwa tope, kukaushwa na kupakwa oili kila baada ya mvua kubwa. Breki zilizopita kwenye dimbwi huwa dhaifu hadi zikauke, na kuzigusa kidogo kidogo huku ukienda polepole huzikausha. Tahadhari zaidi ni katika dakika za mwanzo za mvua, kwani maji huinua oili na vumbi lililolala juu ya lami, na barabara huteleza kuliko itakavyoteleza baada ya kuoshwa.

Mambo hayo ni mazito zaidi kwa Bujumbura tangu Machi 2022, serikali ilipozizuia pikipiki za abiria, baiskeli na bajaji kuingia katikati ya jiji. Kazi ya waendeshaji wengi ilihamia mitaa ya pembezoni, huko ambako lami huishia na tope huanzia. Pikipiki nyingi wanazoendesha leo zinatoka India na si za Honda, lakini nazo hutumia injini ndogo ya mipigo minne, yenye silinda moja, inayoweza kufunguliwa na fundi kando ya barabara.

Bwana mkali, kuondoka kimya

Honda hakuwa mtu mpole. Karakana nzima ilimwogopa alipokasirika, na alijulikana kwa kuwapiga wafanyakazi waliofanya kazi ovyo, wakati mwingine kwa spana iliyokuwa mkononi. Waliomvumilia walisema ukali huo ulitoka kwa mtu aliyejua kwamba nati iliyolegea inaweza kumuua mteja. Hata hivyo maelezo hayo hayaondoi uchungu wa waliopigwa.

Mwaka 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja, wakaacha kampuni mikononi mwa vijana wasio watoto wao. Baada ya hapo Honda alizunguka Japani, viwandani na katika maduka madogo ya mauzo na matengenezo, akiwashika mikono wafanyakazi na kuwashukuru mmoja mmoja.

Oktoba 2017, miaka 26 baada ya kifo chake, idadi ya pikipiki za jamii ya Super Cub zilizotengenezwa ilifika milioni 100. Mwenyewe alikuwa ameagiza kwamba akifa, kampuni isimfanyie mazishi makubwa. Aliona si sawa mtu aliyeishi kwa kutengeneza magari na pikipiki awe sababu ya msongamano, akiwachelewesha wengine barabarani siku ya kuzikwa kwake. Agizo hilo liliheshimiwa.