Ydnekatchew Tessema na amana ya mpira

Mji wetu wa Babati umekaa njia panda. Anayetoka Arusha kwenda Dodoma hupita hapa, na anayeelekea Singida hukata kona hapa hapa. Kwa miaka mingi mpira mkubwa nao ulikuwa ukitupita vivyo hivyo, tukiusikia redioni kama msafiri apitaye usiku. Katika msimu wa 2024/25 timu ya Fountain Gate iliufanya uwanja wa Tanzanite Kwaraa kuwa nyumbani kwake, na wengi wetu tukaiona Ligi Kuu kwa macho yetu. Tangu wakati huo mazungumzo ya mpira yamezidi vijiweni, na pamoja nayo yamezidi maswali juu ya uongozi wa mpira: nani awe mwenyekiti, nani ashike fedha, kanuni ziandikwe na nani, na kijana wa Magugu au Dareda asiye na mjomba katika kamati apate wapi nafasi yake.

Maswali hayo ni ya haki, nayo yanaulizwa katika kila wilaya ya nchi hii. Leo hatukusudii kumnyooshea mtu kidole. Tumeona yafaa zaidi kusimulia maisha ya Mwafrika mmoja ambaye jina lake halitajwi sana na vijana wetu, ingawa kila shangwe wanayoipiga katika Kombe la Mataifa ya Afrika ina jasho lake ndani yake. Mtu huyo ni marehemu Ydnekatchew Tessema wa Ethiopia.

Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1921 katika mji wa Jimma, kusini magharibi mwa nchi hiyo. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa malenga mwenye sifa, na ndiye anayehesabiwa kuwa Mwethiopia wa kwanza ambaye sauti yake iliingizwa katika sahani za santuri, huko Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoto hakufuata njia ya nyimbo. Alifuata mpira, akaupenda katika wakati mgumu kuliko wakati wowote ambao nchi yake ilikuwa imeuona.

Mwezi Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Mwezi Desemba mwaka huo huo, vita vikiwa vinanguruma, timu ya St. George iliundwa mjini Addis Ababa, na Ydnekatchew, kijana wa miaka 14, akawa miongoni mwa watoto wake. Tarehe 5 Mei 1936 mji ukaanguka mikononi mwa mafashisti. Wavamizi hawakuupiga mpira marufuku. Walifanya jambo la hila zaidi: waliugawa. Waitalia walikuwa na mashindano yao, na wenyeji wakawekewa ofisi ya pembeni na michezo ya pembeni. Mweusi alikatazwa kucheza dhidi ya mweupe, kwa sababu mpira hauna adabu kwa mabwana. Katika dakika 90 unaweza kuonyesha hadharani kwamba yule anayeitwa duni si duni. Hata jina la St. George liliondolewa, timu ikapewa jina la Kifashisti, Littorio Wube Sefer.

Tunawaomba wasomaji wetu walitazame jambo hilo kwa makini, maana humo ndimo ilimoota mbegu ya maisha yote ya Ydnekatchew. Alijifunza akiwa bado kijana kwamba anayeandika kanuni ndiye mwenye mchezo. Mwenye kiatu kizuri na mwenye mguu mwepesi, wote wawili, hukaa nje ya mstari ikiwa karatasi iliyo mezani imeandikwa kuwatoa.

Mwaka 1941 Ethiopia ilikombolewa. Ydnekatchew na wenzake hawakuishia kusherehekea. Walikusanyana mjini Addis Ababa wakaanza kazi isiyopigiwa makofi, ile ya kuunda chombo cha kuongoza mpira. Mwaka 1943 shirikisho la mpira la Ethiopia likasimama. Lilikuwa la nchi kwa jina, lakini kazi yake ya mwanzo ilikuwa hasa ya mji mmoja: kupanga mashindano na kuzifanya timu za Addis Ababa zikubali kanuni moja.

Na timu zenyewe zilikuwa picha kamili ya mji ule. Katika mashindano ya 1944 zilikutana timu tano: St. George ya Waethiopia, Fortitudo ya Waitalia, Ararat ya Waarmenia, Olympiakos ya Wagiriki, na timu ya wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa katika ujumbe wa kijeshi. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Waitalia wawe mabwana. Ilikuwa rahisi kulipa kisasi na kuwafungia nje, kama walivyowafungia wenzao. Hawakufungiwa. Waliingia uwanjani kama timu nyingine yoyote, chini ya kanuni ile ile. Kombe likachukuliwa na wanajeshi wa Kiingereza. St. George, timu iliyobeba heshima ya wananchi, ilingoja hadi 1950 kuupata ubingwa. Waanzilishi wa mashindano walishindwa katika mashindano yao wenyewe, na hawakuyavunja. Sisi tunaona kwamba siku ile waliyokubali kushindwa ndiyo siku chama chao kilipozaliwa kweli kweli.

Ydnekatchew mwenyewe hakuwa kiongozi wa kitini tu. Aliichezea St. George kwa miaka 23, na mwaka 1947 alikuwemo katika kikosi cha taifa kilichoishinda Djibouti mabao matano kwa bila katika mechi ya kwanza ya Ethiopia na nchi nyingine. Alipozungumza juu ya mpira, alizungumza mtu aliyewahi kupigwa mateke ugokoni.

Mwezi Februari 1957 alikwenda Khartoum, ambako wajumbe wa Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini walikusudia kuunda shirikisho la bara zima na kucheza mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa. Wajumbe wa makaburu walitaka kuleta ama timu ya weupe watupu, ama timu ya weusi watupu. Kwa mtu aliyekulia chini ya ofisi ya michezo ya wenyeji, maneno hayo hayakuwa mageni. Ydnekatchew na wenzake walisimama imara: nchi ilete timu moja ya watu wake wote, au isicheze. Afrika Kusini haikucheza. Ethiopia, iliyokuwa imepangwa kukutana nayo, ikaingia fainali bila kutoa jasho na ikafungwa na Misri mabao manne kwa bila. Mashindano ya kwanza ya Shirikisho la Afrika, CAF, yalichezwa na mataifa matatu tu, maskini wa fedha lakini tajiri wa msimamo.

Miaka mitano baadaye, Januari 1962, mashindano yalifanyika Addis Ababa, na jirani zetu wa Uganda wakawemo kwa mara ya kwanza. Ydnekatchew ndiye aliyekuwa mwalimu wa timu ya Ethiopia. Katika fainali waliishinda Misri, iliyokuwa ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, mabao manne kwa mawili baada ya dakika za nyongeza. Nahodha aliyelipokea kombe kutoka kwa Mfalme Haile Selassie alikuwa Luciano Vassalo, mtoto wa mama Mweritrea na baba Mwitalia. Mvamizi wa jana alikuwa amezaa nahodha wa leo, na hakuna kanuni iliyomzuia.

Vita vikubwa zaidi vilikuwa mbele, na uwanja wake ulikuwa vyumba vya mikutano. FIFA ilikuwa imeisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961. Mwaka 1963, baada ya rais wake Stanley Rous kuitembelea nchi hiyo, adhabu iliondolewa. Waafrika hawakukubali, na katika mkutano wa Tokyo wa 1964 adhabu ikarudishwa kwa kura. Wakati huo huo FIFA ilikuwa imetenga nafasi moja tu ya Kombe la Dunia la 1966 kwa Afrika, Asia na Oceania zote pamoja. Ohene Djan wa Ghana na Ydnekatchew walikuwa mstari wa mbele katika kuziongoza nchi za Afrika kujitoa. Walikosa kombe moja, lakini kuanzia 1970 Afrika ikapata nafasi yake yenyewe, na Morocco ikawa ya kwanza kuikalia.

Mwaka 1972 Ydnekatchew alichaguliwa kuwa rais wa CAF. Mwaka 1974, mjini Frankfurt, kura za Afrika zilimsaidia João Havelange wa Brazil kumwangusha Rous. Mwaka 1976, mjini Montreal, Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa kutoka FIFA. Mji huo na mwaka huo sisi wa ukanda huu tunaukumbuka kwa jambo lingine pia. Tanzania na nchi nyingi za Afrika hazikushiriki Michezo ya Olimpiki kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya ragbi kwa makaburu, na jirani yetu wa Karatu, Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia. Msimamo una gharama, na mara nyingine gharama hiyo hulipwa na kijana mmoja na miguu yake. Tusiwadharau waliolipa.

Chini ya uongozi wake Taifa Stars ilifika kwa mara ya kwanza katika fainali za Mataifa ya Afrika. Bao la Peter Tino huko Ndola mwaka 1979 lilitupeleka Lagos 1980, tukafungwa na Nigeria na Misri na kutoka sare na Ivory Coast. Na Kombe la Dunia lilipopanuliwa mwaka 1982, Afrika ilikuwa na nafasi mbili.

Tungekuwa wasimulizi wasio na insafu kama tungeyasema mema peke yake. Ydnekatchew aliitumikia michezo chini ya utawala wa kifalme. Mfalme alipoondolewa na wanajeshi mwaka 1974 na nchi ikaingia katika miaka ya damu, yeye aliendelea kuiongoza CAF. Mtu anayeongoza michezo katika nchi ya namna hiyo huishi kwa kuchagua lini aseme na lini anyamaze, na hesabu ya kimya chake anaijua Mola wake. Tena alikaa katika kiti cha urais miaka 15, hadi alipofariki tarehe 19 Agosti 1987, akiwa na umri wa miaka 65. Hatusemi alikaa kwa tamaa. Tunasema kwamba chama kizuri humwandaa mrithi wakati mwenye kiti yungali hai, na hilo hata mtu bora huweza kulisahau.

Hakuishi kuyaona matunda ya mti alioupanda Khartoum. Afrika Kusini ilirudi katika mpira wa dunia mwaka 1992. Mwaka 1996 ikawa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na tarehe 3 Februari ikaishinda Tunisia mabao mawili kwa bila. Timu ilikuwa ya weusi na weupe na machotara, nahodha wake alikuwa mzungu, Neil Tovey, na Nelson Mandela alikuwepo. Timu moja ya watu wote: ndilo lile lile lililodaiwa miaka 39 nyuma na wajumbe wachache katika chumba kimoja cha Khartoum.

Sasa turudi njia panda yetu. Wale tuliopita chuoni kwa mwalimu kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa kwamba amana ni mzigo ulioogopwa hata na milima, mwanadamu akaubeba. Kila tukiutazama Kwaraa tunalikumbuka fundisho hilo. Uenyekiti wa chama cha mpira, uwe wa bara, wa mkoa au wa wilaya, ni amana ya namna hiyo. Haupimwi kwa picha ya kiongozi akikabidhi jezi. Hupimwa kwa daftari la fedha linaloweza kusomwa mbele ya vilabu vyote, kwa ratiba isiyobadilishwa usiku, kwa orodha ya wachezaji isiyoghushiwa umri, na kwa uchaguzi unaofanywa kwa tarehe iliyoandikwa katika katiba.

Mwezi Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, na nchi hizo tatu zimepewa pia Kombe la Mataifa la 2027. Viwanja vinajengwa, nasi tunafurahi. Lakini saruji haifundishi haki. Addis Ababa ya 1943 ilianza na watu wachache waliokubali kanuni moja kwa wote, hata kwa adui wa jana, na wakaiheshimu hata ilipowafanya washindwe. Ndugu zetu wanaogombea uongozi wa mpira katika mji huu na wilaya zake, kabla ya kuomba kura, na wajiulize kama wako tayari kufungwa na timu za wenzao katika mashindano waliyoyapanga wenyewe. Aliye tayari, tumpe amana hii. Asiye tayari, tumwombe abaki jukwaani pamoja nasi, akishangilia.