Krapf Hakukosea Kusikia

Wanafunzi wa jirani zangu hapa Tena hupenda kunihadithia asili ya neno kangaruu: kwamba Kapteni Cook aliuliza jina la mnyama yule, wenyeji wakamjibu kuwa hawajui, naye akaliandika jibu hilo kuwa ndilo jina. Kisa ni kitamu, ila si cha kweli. Neno lilinakiliwa mwaka 1770 kutoka kwa Waguugu Yimithirr wa Australia, ambao huiita aina mojawapo ya kangaruu gangurru. Katika miaka ya 1970 mwanaisimu John Haviland alilikuta lingali vinywani mwao.

Uvumi wa namna hiyo umemwandama pia Johann Ludwig Krapf. Husemwa, hata madarasani, kwamba alishindwa kulitamka Kirinyaga la Wakikuyu, na nchi yetu ikarithi kosa lake.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akafika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huohuo alifiwa na mkewe, Rosina, pamoja na binti yao mchanga. Hakurudi kwao. Alijifunza Kiswahili, mwaka 1846 akaanzisha misheni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann, na mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa. Sikio la mtu huyo halikuwa zito.

Tarehe 3 Desemba 1849, mlima ulipomfunukia kwa mbali, alikuwa Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Wala hakuwa Ukikuyu. Wakamba huuita mlima ule Kiinyaa. Walimu wenzangu, hebu linganisheni: Mkikuyu husema magũrũ, Mkamba husema maaũ, na wote wawili wanataja miguu. Penye g na r za Kikikuyu, mara nyingi Kikamba hubakiza irabu tupu. Kiinyaa basi ni Kikamba safi, na Krapf aliliandika Kenia karibu kama alivyolisikia. Anayeshikilia kwamba jina liliharibiwa hudhani anamsuta Mzungu, kumbe anawaambia Wakamba kwamba lugha yao ni Kikikuyu kilichovunjika. Hilo ndilo linaloniudhi.

Huko Ulaya walikuwapo wataalamu waliokejeli habari za theluji kwenye ikweta. Krapf alifariki mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, na mwaka 1883 Joseph Thomson akauona mlima kwa macho yake. Mwaka 1920 Waingereza waliipa koloni nzima jina hilo la Wakamba.