Kenyatta na rufaa ya Kapenguria: Hakimu aliyelipwa kabla ya kuhukumu

MSAFIRI atokaye Nakuru kuelekea Kitale hupita Timboroa na Burnt Forest kabla ya kuingia mjini Eldoret. Mwaka 1952 nyanda hizo zilikuwa mali ya walowezi wa Kizungu, na Wakikuyu walioishi humo walikuwa vibarua na maskwota. Ni mbali zaidi ya hapo, Kapenguria, ndiko serikali ya kikoloni ilikochagua kumshtakia Jomo Kenyatta.

Uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Kapenguria ilikuwa wilaya iliyofungwa: hakuna aliyeingia bila kibali, hapakuwa na hoteli, na mawakili walilazimika kulala Kitale, yapata kilomita 40, wakisafiri kwenda na kurudi kila siku ya kesi.

Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu aliyesomea kwa wamishonari wa Thogoto, alikuwa ameishi Ulaya kwa takriban miaka 15 kabla ya kurejea nyumbani mwaka 1946. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa rais wa chama cha KAU. Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952, Kenyatta alikamatwa usiku huo huo. Pamoja naye walishtakiwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko, kwa tuhuma za kuongoza Mau Mau.

Kesi haikupelekwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama wala la wananchi. Ilisikizwa na mtu mmoja tu, Ransley Thacker, jaji aliyekuwa amestaafu kutoka Mahakama Kuu, akarudishwa kazini kama hakimu kwa ajili ya shauri hilo. Jopo la utetezi liliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, akisaidiwa na mawakili wa Kenya wenye asili ya Kihindi, miongoni mwao Achhroo Kapila na Fitz de Souza, pamoja na H. O. Davies wa Nigeria na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika.

Manung'uniko ya upendeleo yalianza mapema. Mkalimani wa mahakama, Dkt Louis Leakey, alikuwa ameandika kitabu cha kulaani Mau Mau. Utetezi ulimpinga hadi akajiondoa. Pritt alipowapelekea wabunge wa London simu ya maandishi akilalamika kuwa haki inanyimwa, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Aliachiliwa.

Uti wa mgongo wa mashtaka ulikuwa shahidi Rawson Macharia, aliyedai kumwona Kenyatta akilisha watu kiapo mnamo Machi 1950. Yafaa kukumbuka kwamba Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti mwaka huo, miezi mitano baadaye. Mashahidi wa utetezi walimkanusha Macharia. Thacker alimwamini yeye, akawakataa wote. Aprili 8, 1953 aliwahukumu washtakiwa wote sita kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, na kupendekeza wazuiliwe hata baada ya kifungo.

Hapo ndipo rufaa ilipoanza, na hapo ndipo sheria ilipoonyesha ugumu wake. Mawakili waliamini kwamba hakimu alikuwa ameshaamua kabla ya kusikiza. Lakini imani si ushahidi. Walichokuwa nacho mkononi ni kumbukumbu za kesi, na hoja moja ndogo ya mipaka: Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa.

Hoja hiyo ndogo ndiyo iliyoshinda. Mnamo Julai 1953 Mahakama Kuu ilifuta hukumu na kuamuru kesi isikizwe upya. Furaha haikudumu. Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikairejesha hukumu. Shauri lilirudi Mahakama Kuu kusikizwa kwa uzito wa ushahidi, na Januari 1954 likatupwa, isipokuwa kwa mtu mmoja. Oneko alionekana hana hatia. Hata hivyo hakwenda nyumbani, bali alihamishiwa kizuizini. Baraza la Malkia mjini London lilikataa kuwapa wenzake ruhusa ya kukata rufaa zaidi.

Yaliyohitajika kuthibitisha upendeleo yalikuja wakati mlango umekwisha kufungwa. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba alidanganya, na kwamba aliahidiwa masomo ya chuo kikuu Uingereza, ulinzi wa familia yake na kazi serikalini. Alifungwa, si kwa ushahidi wake wa Kapenguria, bali kwa kiapo hicho cha kuukana. Kuhusu Thacker, watafiti wa historia wameeleza kwamba Baring alimlipa pauni 20,000 za siri, baada ya hakimu huyo kusema hangeweza kuishi tena Kenya akishatoa hukumu. Mtu anayejua atahitaji kukimbia nchi baada ya kuhukumu bila shaka amekwisha kujua atahukumu nini. Thacker aliondoka mara tu alipomaliza kazi.

Kenyatta alitumikia kifungo Lokitaung, akazuiliwa Lodwar na kisha Maralal, hadi alipofika Gatundu Agosti 1961. Aliapishwa kuwa waziri mkuu Juni 1963. Agosti mwaka huo alikutana na walowezi mjini Nakuru na kuwaambia wasahau yaliyopita. Katika utawala wake Wakikuyu wengi walinunua mashamba Burnt Forest, safari hii kama wenye ardhi. Watoto na wajukuu wao walishambuliwa mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007.

Sheria ya kumzuilia mtu bila kumfikisha kortini haikuondoka na Waingereza. Mwaka 1969, baada ya ghasia za Kisumu, serikali ya Kenyatta iliitumia dhidi ya viongozi wa chama cha upinzani cha KPU. Mmoja wao alikuwa Achieng' Oneko, yule wa pekee aliyeshinda rufaa ya Kapenguria. Aliachiliwa mwaka 1975. Kenyatta alifariki Mombasa mnamo Agosti 22, 1978.