Mfahamu Max von Pettenkofer, aliyepima hewa ya ndani kabla AC haijavumbuliwa

Saa nane mchana, ofisi imejaa, madirisha yamefungwa, AC inawaka. Kichwa kinauma, macho yanakuwa mazito. Wengi husema ni uchovu au chakula cha mchana. Lakini huenda shida ni hewa, na mmoja wa watu wa kwanza kuipima alikuwa Mjerumani aitwaye Max von Pettenkofer.

Alizaliwa Desemba 3, 1818 huko Lichtenheim, Bavaria, katika familia ya wakulima. Akalelewa mjini Munich na ami yake, mfamasia wa ikulu. Kijana akatoroka kwenda kuigiza jukwaani, maisha yakamshinda, akarudi shule. Mwaka 1843 alihitimu famasia na udaktari.

Mwaka 1858 alichapisha utafiti wake kuhusu hewa ndani ya majengo. Wakati huo watu walijua chumba kilichojaa kinanuka na kuchosha, ila haikuwa wazi hewa ikifika wapi ndiyo mbaya. Pettenkofer akapima hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua.

Alieleza kwamba kwa kiwango kile hewa ukaa yenyewe si sumu. Ni kipimo tu: ikipanda, maana yake watu wanavuta hewa iliyokwisha toka kwenye mapafu ya wenzao, pamoja na uchafu mwingine wa miili. Kikomo chake kilikuwa sehemu 1 kwa kila 1,000 za hewa. Ndiyo ile 1,000 unayoiona leo kwenye vifaa vingi vya kupimia hewa maofisini, maana vinahesabu sehemu kwa kila milioni.

Pia alifundisha kwamba kuingiza hewa safi hakutoshi kama uchafu umeachwa ndani. Toa kwanza chanzo, halafu ndiyo uingize hewa.

Mwaka 1865 akawa profesa wa usafi na afya Chuo Kikuu cha Munich. Akapigania maji safi na mifereji ya majitaka, na jiji likabadilika.

Lakini hakuwa sahihi kwa kila kitu. Robert Koch aliposema kipindupindu kinaletwa na bakteria, Pettenkofer alishikilia kwamba bakteria peke yake hawezi, lazima mazingira yachangie. Oktoba 1892, akiwa na miaka 73, akanywa kimiminika chenye bakteria hao mbele ya mashahidi. Akaharisha kidogo, akapona, akaamini ameshinda. Sayansi ikaenda na Koch.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mke wake alikwisha fariki, na yeye akazama kwenye huzuni nzito. Februari 1901 alijitoa uhai akiwa na miaka 82.

Alichoacha kinawahusu wafanyakazi wa leo moja kwa moja. AC nyingi za ukutani haziingizi hewa mpya, zinapooza ileile iliyomo ndani. Chumba kinaweza kuwa baridi kabisa huku hewa imechoka, na mafua ya mmoja yakazunguka ofisi nzima. Kama jengo lenu halina mfumo wa kuingiza hewa ya nje, fungueni madirisha kila baada ya muda, hata kama AC itazimwa kidogo.