Alice Hamilton na Vidole Vyeupe vya Wachonga Mawe

Yako majina ya waganga ambayo wanafunzi wetu huyakariri kila mwaka, na yako mengine yasiyotajwa kabisa ilhali yalistahili heshima iyo hiyo. Miongoni mwa hayo ya pili ni jina la Daktari Alice Hamilton, Mmarekani aliyeyatoa maisha yake kuchunguza maradhi yanayoletwa na kazi.

Alizaliwa mjini New York mwaka 1869, akalelewa Fort Wayne katika jimbo la Indiana. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, wakati ambapo wanawake wa taaluma hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1897 alihamia Chicago, akaishi Hull House, nyumba ya huduma iliyokuwa katikati ya mitaa ya wahamiaji maskini. Huko aliwaona kwa macho yake watu waliodhoofishwa na kazi za viwandani. Kuanzia 1910 aliongoza uchunguzi wa jimbo la Illinois juu ya sumu za viwandani, hasa madini ya risasi. Hakungoja wagonjwa wamjie. Aliingia karakana kwa karakana, kisha akawazuru wafanyakazi majumbani mwao. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikwenda kuwauliza wakilaliao.

Mwaka 1918 alifika Bedford, Indiana, penye machimbo mashuhuri ya mawe ya chokaa. Wachonga mawe wa huko walikuwa wametupa nyundo za mkono na kushika nyundo zinazoendeshwa kwa nguvu za hewa, ambazo hugonga maelfu ya mara kwa dakika. Kazi ilikwenda mbio, lakini asubuhi za baridi vidole vyao viligeuka vyeupe kama vya maiti, vikafa ganzi. Mkono wa kushoto, ulioshika tindo, ndio ulioathirika zaidi. Kati ya aliowapima, karibu 9 katika kila 10 walikuwa na dalili hizo. Hamilton alitaja mambo matatu yaliyoshirikiana kuleta madhara hayo: mtetemo wa chombo, kukikaza chombo mkononi kwa muda mrefu, na baridi.

Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha huko. Hata hivyo, alizuiwa kuandamana na wenzake katika sherehe za mahafali, na hadi alipostaafu mwaka 1935 hakupandishwa cheo hata mara moja. Alifariki Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 101. Miezi mitatu baadaye, Marekani ilipitisha sheria kuu ya usalama na afya kazini.

Yamkini msomaji atadhani kwamba hadithi iliishia hapo kwa furaha. La hasha! Mwaka 1978 watafiti walirudi Bedford, miaka 60 baada ya Hamilton, wakakuta karibu 8 kati ya kila wachonga mawe 10 wangali na vidole vyeupe. Ripoti ilikuwapo, lakini nyundo zilikuwa zile zile.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kanuni ni njema, lakini haimfai kijana anayekata vyuma kutwa nzima bila vizibo vya masikio, wala hana wa kumpokea mashine mikono inapokufa ganzi. Sikio lililoharibiwa na kelele haliponi, na vidole vilivyodhurika sana havirudii hali yao. Dawa ni kuzuia: kununua mashine zisizotetema sana na kuzitunza, kunoa tindo, kupokezana zamu, kupumzika, na kuikinga mikono na baridi.

Enyi walimu, hasa wa vyuo vya ufundi, mwanafunzi anapofundishwa kuwasha mashine na afundishwe pia kujilinda nayo. Na akilalamika kwamba vidole vinamwasha au masikio yanavuma, asiambiwe kwamba ni mvivu. Alice Hamilton angeanza kwa kumsikiliza.