George Washington na Madaftari ya Shamba Lake

Iko hadithi inayopendwa sana kusimuliwa watoto, ya kijana George Washington aliyekata mti wa matunda wa baba yake kwa shoka, kisha akakiri kosa kwa sababu hakuweza kusema uongo. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1806 na padre mmoja, Mason Weems, wakati Washington amekwisha kufa na hawezi kuulizwa. Ni hadithi nzuri ya kufundishia, wala sina ugomvi nayo. Lakini Washington mwenyewe ametuachia maandishi mengi ya mkono wake: barua, kumbukumbu za kila siku, leja za fedha, na taarifa za kila juma za mashamba yake. Mtu akiyasoma hayo atamwona Washington mwingine, na pamoja naye atawaona mamia ya watu waliokuwa mali yake.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 huko Virginia, nchi iliyokuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikufa mwaka 1743, na mtoto huyu wa miaka 11 akarithi watumwa 10. Shule aliiacha mapema. Madaftari yake ya utotoni yamehifadhiwa, nayo yamejaa hesabu, upimaji wa ardhi, na namna ya kuandika hati za mikopo na mikataba. Mwalimu yeyote angempa alama za juu kwa mwandiko na usafi. Akawa mpimaji wa ardhi, kisha askari. Mwaka 1759 alimwoa Martha Custis, mjane tajiri. Mume wa kwanza wa mama huyu alikufa bila kuandika wosia, hivyo kwa sheria Martha alipewa theluthi moja ya mali, pamoja na watumwa, aitumie maisha yake yote, na akifa irudi kwa warithi wa yule mume. Ndugu msomaji, shika jambo hilo, maana mbele tutalihitaji.

Washington alikuwa Mwanglikana. Mwaka 1762 alichaguliwa kuwa mmoja wa wazee wa kanisa katika mtaa wa Truro, akawa pia mlinzi wa kanisa. Zamani zile kanisa la Virginia halikutegemea sadaka kama sisi. Kila mwenye shamba alitozwa ratili kadhaa za tumbaku kwa kila mfanyakazi wake, na watumwa wote waliotimiza miaka 16, wanaume kwa wanawake, walihesabiwa. Kwa hiyo Washington aliandika orodha ya majina yao kila mwaka, na kwa hesabu hiyo padre alilipwa mshahara, kanisa likajengwa, na maskini wa mtaa wakasaidiwa. Tumbaku yenyewe ililimwa na wale wale walioandikwa katika orodha.

Shamba lake liliitwa Mount Vernon, kando ya mto Potomac. Alikuwa bwana shamba hodari. Alipoona tumbaku inachosha udongo na kumzidishia deni kwa wafanya biashara wa London, akageukia ngano. Hakuna kitu kilichopita bila kuandikwa. Mwezi Februari 1760 alikaa akiwatazama maseremala wake wanne wakichonga magogo, saa mkononi, akapiga hesabu ya futi ngapi mtu mmoja apaswa kumaliza kwa siku.

Mwaka uliofuata, 1761, aliweka tangazo gazetini kuwatafuta wanaume wanne waliotoroka: Peros, Jack, Neptune na Cupid. Neptune na Cupid walikuwa wamenunuliwa mwaka 1759 kutoka merikebu iliyotoka Afrika. Ili watambulikane, tangazo liliwaeleza vizuri: Jack ana chale mashavuni za kabila lake, Neptune ana meno yaliyochongwa yakawa makali, na nukta za chale mgongoni. Chale hizo walichanjwa kwao, na watu wao wenyewe, walipokuwa bado wana majina mengine. Bwana aliyewapa majina ya miungu ya Kirumi alizitumia kuwakamata.

Tena yuko Tom, aliyekuwa kiongozi wa kundi la wakulima, mtu mwenye nguvu na hodari wa jembe, ila alikuwa na tabia ya kutoroka. Mwezi Julai 1766 Washington alimpeleka kwa nahodha mmoja akauzwe visiwa vya West Indies, ambako kazi ya miwa iliua watu upesi. Alimshauri nahodha amfunge pingu mpaka merikebu iwe baharini. Kisha akaandika anachotaka badala yake: pipa la asali ya miwa, pipa la rum, pipa la ndimu, chungu kimoja cha ukwaju kama ratili 10, na vyungu viwili vidogo vya vitu vitamu. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi. Ni orodha ya mtu anayetuma mtoto dukani.

Taarifa za kila juma ziliandikwa na wanyapara. Humo mna siku zilizopotea kwa ugonjwa, siku za mvua, magunia yaliyopimwa, na fungu moja linaloitwa ongezeko. Mtoto wa mtumwa akizaliwa, aliandikwa katika fungu hilo pamoja na wana-kondoo. Katika leja ya mwaka 1784 mna pauni 6 na shilingi 2 walizolipwa watumwa kwa meno tisa, kwa ajili ya daktari wa meno. Na barua za mwaka 1793 zaonyesha msimamizi akieleza jinsi alivyomchapa fimbo mshonaji aitwaye Charlotte, na bwana akijibu kwamba amefanya sawa.

Habari za vita na urais nitazipita upesi, kwa kuwa zinajulikana: aliongoza jeshi tangu 1775, na kuanzia 1789 mpaka 1797 akawa Rais wa kwanza wa Marekani. Baada ya vita moyo wake ulianza kugeuka. Mwaka 1786 alimwandikia rafiki yake kwamba hapendi kununua mtumwa tena, na kwamba angefurahi utumwa ukomeshwe polepole kwa sheria. Hadharani hakusema hivyo.

Wako watu wasemao kwamba tusimhukumu mtu wa kale kwa sheria za leo. Vema, tumpime kwa sheria za siku zake. Philadelphia, alikokaa alipokuwa Rais, ilikuwa katika jimbo la Pennsylvania, na jimbo hilo lilikuwa na sheria tangu mwaka 1780 kwamba mtumwa wa mgeni akikaa huko miezi sita anaweza kudai uhuru wake. Mwaka 1791 Washington alimwagiza karani wake kwa barua awarudishe watumwa Virginia kabla ya miezi sita kwisha, kwa kisingizio ambacho wao wenyewe na watu wa nje wasikitambue. Basi huyo ndiye aliyesimuliwa kuwa hakuweza kusema uongo.

Mnamo Mei 1796 Ona Judge, kijana aliyemhudumia Mama Martha, alitoka nyumbani humo Philadelphia bwana na bibi wakiwa mezani, akapanda merikebu mpaka New Hampshire. Alikuwa amesikia kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu. Washington alijaribu kumrudisha, akashindwa. Hercules, mpishi mashuhuri, alitoroka tarehe 22 Februari 1797, siku ya kuzaliwa ya bwana wake. Tunaijua tarehe hiyo kwa taarifa ya shamba.

Mwezi Juni 1799 Washington aliandika orodha yake ya mwisho. Ina watu 317: jina, umri, kazi, mume au mke, na mama wa kila mtoto. Wake yeye walikuwa 123, wa ile theluthi ya Martha 153, na wengine wa kukodi. Waliooana walikuwa 96, na kati yao 36 tu ndio waliokaa pamoja na wenzi wao. Nadhani hapo ndipo yeye mwenyewe alipoona fundo lilivyo, maana familia zilikuwa zimechanganyika: baba huku, mama na watoto kule.

Mwezi uliofuata aliandika wosia kwa mkono wake. William Lee, mtumishi aliyekuwa naye vitani, apewe uhuru mara moja na dola 30 kila mwaka. Watumwa wengine waliokuwa wake wawe huru Martha akifa. Wazee na wagonjwa watunzwe. Watoto wasio na wazazi wa kuwatunza wafundishwe kusoma na kazi ya mkono. Alikufa tarehe 14 Desemba 1799. Martha aliwaachilia mapema, tarehe 1 Januari 1801, na wazee waliendelea kulipiwa matunzo na mirathi yake kwa miaka zaidi ya 30. Katika marais waanzilishi waliokuwa na watumwa, wengine hawakufanya hata hivyo, na ni haki kulisema.

Lakini wale 153 wosia haukuwagusa. Isaac seremala alikuwa wa Washington, akawa huru. Mke wake Kitty, mkamuaji wa maziwa, alikuwa wa theluthi, na binti zao tisa vile vile, kwa sababu mtoto alifuata hali ya mama. Martha alipokufa mwezi Mei 1802, watu wa theluthi waligawanywa kwa wajukuu wake wanne.

Ona Judge naye alikuwa wa theluthi. Huko New Hampshire aliolewa, akajifunza kusoma, akawa Mkristo mwenye imani imara, akazika watoto wake, akaishi katika umaskini. Alipoulizwa uzeeni kama anajuta, alikataa. Alikufa mwaka 1848, na kwa sheria alikuwa bado mali ya watu wa Virginia.