Makarios: Askofu Aliyepitia Mombasa Kwenda Kifungoni

Kila nikirudi chuoni kwa treni ya SGR, hakosi mtu behewani wa kuwataja Waturuki waliotujengea reli hadi Dodoma. Kwa wengi wetu Uturuki inaishia hapo, labda uongeze na tamthilia. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Muhula uliopita, kwenye semina, nilieleza mgogoro wa Kupro kwa sentensi moja: Uturuki ilivamia mwaka 1974, kisiwa kikagawanyika, basi. Mwenzangu mmoja kutoka Unguja akaniuliza kabla ya 1974 kulikuwa na nini. Nikabaki nakodolea macho projekta. Jibu nililipata baadaye, katika maisha ya mtu mmoja.

Michael Mouskos alizaliwa mwaka 1913 kijijini Panayia, mtoto wa mchunga mifugo. Akiwa na miaka 13 aliingia monasteri ya Kykkos. Akasoma Athens, kisha Boston, na mwaka 1950, akiwa na miaka 37 tu, akawa Askofu Mkuu Makarios wa Tatu. Kwa Wagiriki wa Kupro, askofu mkuu hakuwa wa madhabahuni tu, alikuwa msemaji wao. Na wao, karibu asilimia 80 ya wakazi, walitaka Mwingereza aondoke ili waungane na Ugiriki. Waturuki wa kisiwani, asilimia 18 hivi, waliogopa kumezwa.

Machi 1956 Waingereza walimkamata, wakampeleka uhamishoni Shelisheli. Hapo ndipo habari zake zinapogusa kwetu: alipitishwa Mombasa, akapandishwa meli. Wakati huo Kenyatta naye alikuwa kifungoni kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1971 wawili hao walikutana Kenya wakiwa marais, na Makarios akabatiza maelfu ya watu. Chuo cha makasisi wa Kiorthodoksi kule Riruta, Nairobi, kina jina lake mpaka leo.

Uhuru wa Kupro ulipangwa Zurich na London mwaka 1959, na walioshika kalamu hasa ni Ugiriki, Uturuki na Uingereza. Makarios aliukubali shingo upande. Rais awe Mgiriki, makamu awe Mturuki mwenye kura ya turufu, ajira za serikali zigawanywe 70 kwa 30. Nchi hizo tatu zikawa wadhamini, na hapo Uturuki ikapata kifungu cha kudai haki ya kuingilia kati.

Novemba 1963 Makarios alipendekeza mabadiliko 13 ya katiba, ikiwemo kuiondoa kura ile ya turufu. Mwezi uliofuata damu ikamwagika, Waturuki wengi wakahama vijiji vyao, na mwaka 1964 Umoja wa Mataifa ukapeleka walinda amani. Wapo hadi leo. Kumbe hilo ndilo nililoliruka kwenye semina.

Lakini Uturuki nayo haiponi. Julai 15, 1974, askari waliotumwa na utawala wa kijeshi wa Athens walimpindua Makarios, akaponea chupuchupu. Siku tano baadaye serikali ya Ecevit ikateremsha majeshi kwa jina la udhamini. Mazungumzo ya Geneva yakavunjika, majeshi yakasonga tena Agosti, yakashika zaidi ya theluthi ya kisiwa. Wagiriki zaidi ya 150,000 wakapoteza makazi. Kuzuia mapinduzi ni jambo moja, kukaa nusu karne ni jambo jingine.

Makarios alirudi Desemba mwaka huo. Februari 1977 alikaa na Rauf Denktaş, kiongozi wa Waturuki, wakakubaliana kutafuta shirikisho la jamii mbili. Agosti 3 akafariki, miaka 63. Shirikisho lenyewe halijapatikana. Mwaka 2004 Waturuki waliupigia mpango wa Umoja wa Mataifa kura ya ndiyo, Wagiriki wakaukataa.

Mimi naona alichelewa. Angewasikiliza wachache mwaka 1963 kama alivyowasikiliza 1977, huenda wale wa Athens na Ankara wangekosa pa kuingilia.

Nilimpelekea yule mwenzangu jibu kantini. Akaniuliza tena: mimi wa bara, tulio wengi, historia ya Muungano wetu huwa naianzia wapi? Karibuni naenda mazoezi ya kufundisha, na wanafunzi wataniuliza hilo hilo. Safari hii nataka niingie darasani nikiwa nimesoma pande zote mbili.